Nyuzi zilizokula chumvi

Umeme ulikatika tukiwa katikati ya ugali.

Hakuna aliyeshtuka. Ba'mkubwa alinawa vidole kwa kupapasa, akaingia ndani, akatoka na karabai yake ya enzi za dagaa, ileile aliyokuwa akienda nayo ziwani kabla taa za sola hazijaingia Kibirizi, mwaloni kwetu Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa na utambi mpya wa karabai, kile kijifuko cha kitambaa laini kinachouzwa kimekunjwa kwenye karatasi. Akakifunga shingoni mwa taa kwa uzi wake, akakitanua kwa ncha za vidole, kisha akakiwasha kwa kiberiti kikiwa kikavu, kabla hata ya kupiga pampu. Kitambaa kikaungua taratibu. Kikawa cheusi, kikawa kijivu, mwisho kikawa cheupe pe. Kila uzi ulibaki mahali pake na kila kitundu mahali pake. Ila kitambaa chenyewe hakikuwepo tena.

Mjukuu wake akapita mbio, akaugonga mguu wa meza.

Kijifuko kikamwagika kama unga.

Ba'mkubwa akacheka gizani. "Wewe si ndiye uliyekwenda Ulaya kusomea nyuzi za kauri?"

"Ndiyo, Ba'mkubwa."

"Basi hiyo mashine yenu ya mwanga ingeniambia mapema kwamba hiki kitakatika?"

"Ndiyo," nikasema.

Nilijibu haraka mno. Hii ni wiki ya sita na ile "ndiyo" bado iko kooni kama mwiba wa mgebuka.

Kitambaa kisichokuwepo

Nianze na kijifuko, kwa sababu nilikaa karibu nacho utoto wangu wote bila kukiangalia.

Aliyekibuni ni mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, mwishoni mwa karne ya 19. Alichovya kitambaa kwenye maji yenye chumvi za metali adimu, akakikausha, akakichoma. Kitambaa kikaondoka na moto, zile metali zikabaki zimeshikana na oksijeni, zikiwa zimeiga umbo la kitambaa uzi kwa uzi. Hiyo ni kauri. Ni ndugu wa chungu na kigae, isipokuwa imesokotwa. Mchanganyiko alioufikia baada ya kuhangaika miaka kadhaa ulikuwa thoriamu asilimia 99 na seriamu asilimia 1, na mwanga mkali unaoujua wewe unatokana na ile moja. Thoriamu tupu hutoa mwanga hafifu wa kusikitisha. (Thoriamu ina mnunurisho kidogo, ndiyo maana watengenezaji wengi walikuja kuihama. Wavuvi wetu walikuwa wakizipuliza zile nyuzi kwa mdomo. Hilo tuliache kwa leo.)

Ishike hiyo asilimia moja. Ndiyo iliyonipotosha miaka kadhaa baadaye, kwenye kitu kingine kabisa.

Mwaka 1975, huko Japani, Seishi Yajima na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tohoku walifanya mchezo unaofanana na wa Auer. Walichukua polima (kitu cha jamii ya plastiki) yenye silikoni na kaboni, wakaiyeyusha, wakaivuta ikawa uzi mwembamba, wakaukausha, kisha wakauchoma kwenye joto lipatalo nyuzi 1,200 na zaidi pasipo hewa. Haidrojeni ikaondoka, na mengine yaliyokuwa yameifunga polima yakaondoka nayo. Ulichobaki nacho ni uzi mweusi wa silikoni kabaidi, jamii ya ile dawa ya msasa, wenye unene wa maikromita kama 15, na maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwenye upana wa unywele wako zinaenea tano hivi.

Kiswahili kina utani wake. Nyuzi hizo zinachomwa kwenye nyuzi hizo. Nilipokuwa nikiandika barua nyumbani kueleza kazi yangu, nilifuta sentensi moja mara nne.

Na ni za nini? Ni za mahali ambapo chuma kinalainika. Unazifuma, unazijaza kauri nyingine katikati, unapata kitu chepesi, kama theluthi ya uzito wa metali, ambacho hakipasuki ghafla kama kikombe. Injini za ndege za LEAP, zilizoanza kubeba abiria mwaka 2016, zina pete za kauri ya aina hiyo zinazozunguka mapanga ya turbini. Ndege za Boeing 737 MAX, zikiwemo za Air Tanzania, zinaruka na injini hizo. Hazitui Kigoma, najua. Sisi tunakuja na ile ya mapangaboi.

Bluu

Kabla sijafika kwenye mashine, kuna jambo la ziwa.

Mwezi Septemba 1921, mwalimu wa fizikia kutoka Calcutta, C. V. Raman, alikuwa kwenye meli ya Narkunda akirudi India kutoka Uingereza. Bahari ya Mediterania ilimkalia kichwani: kwa nini ni ya bluu vile? Jibu lililokuwepo, la Lord Rayleigh, mtu mzito kabisa, lilisema ni anga tu linajiona kwenye maji. Raman alikuwa na kipande cha fuwele kinachoweza kuzuia mng'ao unaotoka juu ya maji. Akasimama sitahani, akauzuia ule mng'ao wa anga, akachungulia.

Bluu haikuondoka. Ilizidi.

Ikawa maji yenyewe yanatawanya mwanga. Aliandika barua kwa jarida la kisayansi akiwa bado melini. Leo tunajua kwamba maji pia yanameza wekundu, kwa hiyo jibu lake lilikuwa na nusu iliyobaki, lakini nusu ile ilimtosha kumtia wazimu kwa miaka saba. Tarehe 28 Februari 1928, yeye na K. S. Krishnan walikuwa na jambo la kutangaza. Mwanga wa rangi moja ukipigwa kwenye kimiminika, karibu wote hurudi na rangi ileile, ila sehemu ndogo sana hurudi na rangi tofauti kidogo. Mwaka 1930 akapewa Nobeli. Mashine yangu inaishi kwa sehemu ndogo hiyo.

Nimekulia mbele ya mojawapo ya maji ya bluu zaidi duniani. Jioni nyingi nimekaa Kibirizi nikiangalia bluu inavyoiva hadi kuwa wino. Sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni anga.

Ngoma

Kwa Ba'mkubwa nilieleza hivi, usiku uleule, tukiwa tumewasha kibatari.

Kila kitu kigumu ni ngoma ndogo ndogo zisizohesabika. Chembe zimeshikana, na zinatikisika muda wote. Ngozi iliyowambwa vizuri hutoa mlio wa juu, iliyolegea hutoa mlio wa chini. Ukirusha mwanga wa leza juu yake, fotoni, yaani punje za mwanga, nyingi zinadunda na kurudi kama zilivyokwenda. Moja tu, tuseme kati ya milioni kumi, inaiachia ngoma nguvu kidogo. Ikirudi, imepungukiwa kiasi kilekile ilichoiachia. Ukipima upungufu wake, umeusikia mlio.

"Kwa hiyo mnasikiliza kwa macho," akasema.

Ndiyo.

Kila ngoma ina namba. Silikoni safi iko kwenye 520 na ushee, na kila asubuhi kabla ya kazi tulianza kwa kuisikiliza hiyo, kama mpiga zeze anavyotega uzi wake. Silikoni kabaidi ina mlio karibu na 796 na mwingine karibu na 970. Kaboni iliyopangika vizuri ina mlio karibu na 1,580, na ikiwa imevurugika inaongeza mwingine karibu na 1,350. Vipimo vyote hivyo ni idadi ya mawimbi kwa sentimita, na usijisumbue kuvikariri.

Niliyavumilia majira matatu ya baridi nikisikiliza milio hiyo, kwenye maabara moja ya Ufaransa, chumba cha chini, giza, leza ya kijani. Doa la mwanga lilikuwa na upana wa maikromita moja hivi. Uzi ulikaa chini ya lenzi kama gogo la mninga lililolala barabarani.

Mpiga kelele

Nyuzi nilizopewa zilikuwa za kizazi cha tatu. Za kwanza kabisa zilikaushwa kwa hewa, zikabaki na oksijeni nyingi ndani, kama asilimia 12 ya uzito, na ukizipandisha juu ya nyuzi joto 1,200 zinaanza kujitapika zenyewe: gesi zinatoka, uzi unadhoofika. Za pili zilikaushwa kwa miale ya elektroni ili oksijeni isiingie. Za tatu ni karibu silikoni kabaidi tupu, chembe moja ya silikoni kwa moja ya kaboni, na kaboni ya ziada kidogo tu.

Kidogo tu.

Siku ya kwanza nilipopima, spektra, yaani mchoro wa milio yote, ilionyesha kaboni tupu. Vilima viwili vikubwa, 1,350 na 1,590, na kule kwenye 796 ukungu mtupu. Nilidhani nimepewa uzi usio wenyewe.

Ikaja kujulikana kwamba kaboni kwenye mwanga ule ni mpiga kelele. Inaupokea mwanga wa leza na kuurudisha kwa nguvu mara nyingi kuliko silikoni kabaidi. Punje zake chache zilizojificha kati ya fuwele zinatosha kufunika kila kitu. Ni kama mkutano wa mtaa wenye watu mia: wawili wana vipaza sauti, na wewe uliye nje unaandika kwamba mtaa mzima umesema hivi.

Nilijifunza hilo wiki ya kwanza. Nililiandika kwenye daftari na kulipigia mstari.

Halafu nikalisahau pale pale lilipohitajika.

Chumvi

Msimamizi wangu alipotaka tuchague sumu ya kuzijaribu nyuzi, nilisema sodiamu kabla hajamaliza kuuliza.

Sababu ya kitaalamu ipo. Silikoni kabaidi ikipata joto na hewa hujivika ngozi nyembamba ya silika, kioo kizuri kinachozuia oksijeni isiingie zaidi. Silika safi inataka zaidi ya nyuzi 1,700 ili iyeyuke. Ukiiongezea soda, inaweza kuanza kuyeyuka kwenye nyuzi 800 hivi. Ngozi inageuka uji, uji unateleza, na chini yake mwili uko wazi. Ndege ikiruka karibu na bahari inavuta chumvi, chumvi inakutana na salfa ya mafuta, inatokea salfeti ya sodiamu, nayo inayeyuka kwenye nyuzi 884. Hiyo ndiyo kutu ya mahali penye joto kali.

Sababu ya kweli ni Uvinza.

Ba'mkubwa alianza kazi huko kijana mdogo, akichochea moto chini ya makarai makubwa ya chuma, maji ya chumvi yakichemka mchana na usiku. Watu wamekuwa wakichemsha chumvi kwenye chemchemi zile kwa zaidi ya miaka 1,000. Waliofukua pale miaka ya 1960 walikuta vigae vya vyungu vya zamani vimejaa ardhini. Ukimwambia amekula chumvi nyingi anakataa. "Mimi sikuila. Yenyewe ndiyo imenila." Na anakuonyesha vidole.

Utotoni nilidhani kila bati duniani linatoboka baada ya miaka michache.

Kwa hiyo nikazipaka nyuzi salfeti, nikaziweka kwenye tanuri la nyuzi 1,000, nikazitoa baada ya saa kadhaa, nikaziosha, nikazilaza chini ya leza. Niliona kitu ambacho kilinifanya nisahau chakula cha mchana.

Kile kilima cha 796, kilichokuwa ukungu, kilisimama. Chembamba na kirefu, na mwenzake wa 970 pembeni. Kaboni ilikuwa imenywea. Nikarudia uzi wa pili. Wa tatu. Wa kumi. Zote vilevile.

Nikaandika ripoti ya kurasa nane. Nilisema chumvi imezikomaza fuwele za silikoni kabaidi. Nilisema huenda chumvi kwa kipimo fulani inaiboresha kauri. Nilitumia neno "kushangaza" mara mbili. Ilinipendeza kwa sababu ilikuwa kinyume na kila karai la Uvinza, na mtoto wa Uvinza ndiye aliyeigundua.

Swali la mama wa chumba cha chini

Aliyezitunza leza zile alikuwa mama mtu mzima, fundi, si profesa. Hakuwa na maneno mengi. Alizisoma kurasa zangu akiwa amesimama, akazirudisha, akauliza mambo mawili tu.

Uzi una unene gani sasa?

Na kaboni imekwenda wapi?

Sikuwa nimepima unene. Kuhusu kaboni nilisema imepungua, na nilipolisikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu ndipo daftari la wiki ya kwanza likanirudia, na ule mstari wangu chini yake.

Silikoni kabaidi haikuwa imepandisha sauti. Mpiga kelele ndiye aliyetoka nje. Chumvi ilikuwa imeitafuna kaboni ya juu juu (na mbaya zaidi, kaboni yenyewe huifanya salfeti iwe kali kwa silika), ikaacha ganda lenye matundu, na mwanga wa leza kwenye uzi mweusi hauzami hata maikromita moja. Nilikuwa nimeangalia ganda nikaandika habari za mti.

Tukazizamisha nyuzi kwenye gundi, tukazikata na kuzisugua hadi nyuso zao za ndani zikang'aa kama sarafu. Safari hii nilitembeza doa la leza hatua kwa hatua kutoka ukingoni hadi katikati. Ukingoni kimya, kaboni hakuna. Maikromita moja, mbili, ikaanza kunong'ona. Katikati kelele zilezile za siku ya kwanza. Kati ya hapo na pale kulikuwa na pete, na pete ile ndiyo ilikuwa kutu. Kwenye darubini ya elektroni uso wa nje ulikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui.

Kurasa nane zikaenda kwenye kapu. Mama yule hakusema neno. Alinionyesha tu kichujio cha kupunguza nguvu ya leza, kwa sababu, aligundua, nilikuwa nikilichoma lile ganda wakati nalipima. Uzi mweusi ukipigwa mwanga mkali unapata joto, na ukipata joto milio yote inashuka kidogo. Baadhi ya namba zangu zilikuwa homa niliyoisababisha mwenyewe kwa kipimajoto.

Kuna moja zaidi, nayo bado inaniwasha. Ule mlio wa kaboni iliyovurugika, wa 1,350, hausimami mahali pamoja. Ukiuliza kwa leza ya kijani unajibu 1,350. Ukiuliza kwa nyekundu unajibu kama 1,330. Uzi ni uleule na kaboni ni ileile. Sababu inajulikana, ina milinganyo yake, wala hakuna uchawi. Lakini mara ya kwanza nilipobadilisha leza na kuuona umesogea, nilizima mashine nikaenda kutembea mtoni.

Nisipoangalia

Sasa rudi kwenye swali la Ba'mkubwa. Je, ingejua kwamba kitakatika?

Kuna namna ambayo "ndiyo" yangu ilikuwa kweli. Uzi ukivutwa, ngoma zake zinalegea au kukaza, na milio inasogea. Ukiupima msogeo unajua uzi umebeba mzigo kiasi gani mahali pale, hata ukiwa umefukiwa ndani ya kauri nyingine, ilimradi mwanga uufikie. Watu wanafanya hivyo, na ni kazi nzuri.

Mahali pale.

Nilipomaliza ramani zangu za kutu nilizivuta nyuzi 30, moja moja, hadi zikatike. Kwa kila moja nilikuwa na spektra, na kwa kiburi kilichobaki nikaandika mapema ni zipi zitakuwa dhaifu. Kwa wastani sikukosea: zilizoliwa zaidi zilibeba kidogo. Ila kwa uzi mmoja mmoja nilikuwa sina tofauti na mtabiri wa mechi. Uzi wenye pete nene uliishi. Uzi niliousifu ukakatika nikiwa bado nazungusha skrubu.

Msweden Waloddi Weibull alikuwa ameshaliandika hilo mwaka 1939. Kitu cha aina hii hakikatiki kwa wastani wake. Kinakatika kwenye dosari yake mbaya kuliko zote, popote ilipo, kama mnyororo. Ndiyo maana uzi mrefu ni dhaifu kuliko mfupi wa jamii ileile: una nafasi nyingi zaidi za kubeba dosari. Kipande changu kilikuwa na milimita 25. Doa langu la mwanga lilikuwa maikromita moja. Kwenye mstari mmoja tu wa urefu huo yanaingia madoa 25,000, na uzi una mgongo, ubavu na tumbo. Mimi nilipima matano.

Kwa hiyo nilikuwa nimesikiliza sehemu tano nikatabiri ya sita.

Hili sikulisema usiku ule. Nilisema "ndiyo" kwa sababu mzee aliuliza mbele ya watoto, na kwa sababu nauli yangu ya kwanza, ya treni kutoka Kigoma hadi Dar, ilitoka kwenye dagaa wake. Mtu aliyekulipia safari anapokuuliza umeleta nini, unajikuta unaleta zaidi ya ulichonacho. Sijui kama huo ni uongo au heshima. Nadhani ni vyote, na ndiyo maana umenikaa.

Makarai

Jumamosi iliyopita nilirudi Kibirizi. Nilimkuta anaanua dagaa, nikamsaidia, na tulipokaa nikamwambia.

"Ba'mkubwa, shikamoo tena, maana nina la kurekebisha."

"Marahaba. Sema."

Nikamwambia kwamba siku ile nilijibu vibaya. Mashine ingejua kijifuko kimetengenezwa kwa nini, kimeungua sawasawa au la, na labda kimejikaza wapi kati ya sehemu chache ambazo ningeiuliza. Isingejua kitakatika lini.

Hakuonekana kushangaa, na hilo liliniumiza kidogo. Akaniuliza kama najua walivyokuwa wakikagua makarai.

Sikujua.

Akasema karai haliozi pale unapodhani. Chini, kwenye moto, ambako kila mgeni anachungulia, chuma kinakaa miaka. Linaoza kwenye mstari, pale maji yanapoishia na hewa kuanza, na kwenye maungio, ambako chumvi inaingia na haitoki. Kijana mpya alikuwa akipewa nyundo ndogo na kuambiwa apite kwenye mstari na maungio tu, agonge na kusikiliza. Sehemu nyingine asipoteze muda.

"Na mlikuwa hamkosei?"

"Tulikosea sana. Moja lilipasuka nimetoka kuligonga mimi mwenyewe, hata nyundo sijaiweka chini. Likamwaga maji ya moto mpaka mlangoni." Akanyanyua suruali kidogo. Kovu lile nimelijua tangu utoto, na siku zote nilidhani ni la ziwani.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hayo kabla sijaondoka kwenda kusoma.

"Ulikuwa hujaniuliza."

Jua lilikuwa limeshazama upande wa Kongo na maji yalikuwa yameshika ile rangi ya wino. Nilimweleza habari ya Raman na meli yake. Alisikiliza hadi mwisho, akasema bluu ya ziwa huwezi kuijulia melini, mpaka uwe umechota maji yake kwa kikombe ukayaona meupe.

Umeme ulikuwepo, lakini alitoa karabai. Nilikuwa nimemletea vijifuko sita kutoka mjini, vya aina mpya isiyo na thoriamu. Akafunga kimoja, akakichoma, kikawa cheupe. Watoto walikuwa wamefukuzwa barazani.

"Haya. Kitakatika wapi?"

Nilikiangalia muda mrefu. Nikasema chini, kwenye tako, uzi umefumwa ovyo pale. Yeye akasema shingoni, kwenye fundo. Tukawekeana soda.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Leo ni Alhamisi. Nimempigia simu kabla ya kukaa kuandika haya, na amesema kumbikumbi wanakigonga kila usiku, fundo bado liko na tako bado liko, ila ubavuni, upande ambao hakuna aliyeutaja, ameona ufa.